Ruwaza za Utafutaji Katika Uchambuzi wa Umbo la Shairi

Kuhesabu mizani ya shairi moja ubaoni ni kazi nyepesi. Kuhesabu mizani ya diwani nzima ili kupata mifano ya kufunzia ni kazi nyingine. Makala haya yananuia kumwonyesha mwalimu jinsi tarakilishi inavyoweza kumpunguzia kazi hiyo, na pia mahali ambapo haifai kuaminiwa.

Chombo chenyewe ni ruwaza za utafutaji, ambazo wanaprogramu huziita regeksi. Msingi wake uliwekwa na mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuzitumia kutafuta maneno katika matini. Ruwaza haitafuti neno mahususi. Hutafuta umbo la neno.

Kwanza, andika shairi kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Tumia herufi ndogo pekee na uondoe alama za uakifishaji. Anza kwa nambari ya ubeti na ya mshororo, kisha utenge ukwapi na utao kwa kistari wima:

1.1|mtoto yuko njiani|kitabu amekishika
1.2|aenda mbio shuleni|kengele imesikika

Ruwaza ya kusoma mshororo kama huu ni:

^(\d+)\.(\d+)\|([^|]+)\|([^|]+)$

Alama ^ ni mwanzo wa mstari na $ ni mwisho wake. \d+ ni tarakimu moja au zaidi. [^|]+ ni herufi zozote isipokuwa kistari wima. Mkwaju ulioinamia nyuma, ukitangulia nukta au kistari, huifanya alama hiyo isomwe jinsi ilivyo. Mabano hunasa tunachokihitaji: ubeti, mshororo, ukwapi na utao. Mstari usiolingana na ruwaza hii una kosa la uchapaji. Urekebishe kabla ya kuendelea.

Sasa kila kipande kitafutiwe kina chake:

[^aeiou ]*[aeiou]$

Yaani, konsonanti zozote zinazofuatwa na irabu ya mwisho. Katika mifano yetu tutapata *ni* na *ka* katika mishororo yote miwili. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, ruwaza hii hukosea kwa nadra.

Mizani ndiyo yenye utata. Ukihesabu irabu pekee kwa [aeiou], utao wa kwanza utakuwa na 8, lakini ukwapi wake utakuwa na 7. Je, mtunzi amekiuka arudhi? La. *Mtoto* ina silabi tatu: m-to-to. Basi tuongeze ruwaza ya kuhesabu m iliyo silabi:

m[cdfghjklnrstz]

Hesabu yatimia 8. Zingatia kwamba tumeziacha b, p na v kwa makusudi. Katika *mbio*, m si silabi. Tungeiongeza b, ukwapi wa pili ungepewa mizani 9. Lakini tukiiacha b, *mbu*, ambayo ni m-bu, itahesabiwa pungufu.

Tatizo halimalizwi kwa kurefusha ruwaza. Tazama *mtu mbaya* na *njia mbaya*. Tahajia ya *mbaya* ni ile ile, ila katika *mtu mbaya* tuna m-ba-ya, silabi tatu, na katika *njia mbaya* tuna mba-ya, silabi mbili. Kinachoamua ni ngeli ya nomino, nayo haionekani katika herufi za neno hilo. Vivyo hivyo n ya *nchi* na *nne* ni silabi, ilhali ya *ndege* si silabi.

Kwa hivyo, mwalimu, usimnyime mwanafunzi alama kwa sababu tarakilishi imetoa hesabu tofauti na yake. Usimhukumu mtunzi pia kwamba amevunja urari kabla hujausoma mshororo kwa sauti. Acha ruwaza ikuchagulie mishororo ambayo hesabu yake haikulingana na mingine, kisha uipeleke hiyo darasani. Waulize wanafunzi: ni inkisari, ni mazida, ni m iliyo silabi, au ni mshororo uliopungua kweli? Hata shule isiyo na tarakilishi yaweza kuandika mishororo hiyo ubaoni kwa mpangilio ule ule. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini mashine ilipata 7 naye akapata 8 ameielewa mizani.