LIWALI NDUMILAKUWILI

Je, umewahi kumwona mtu anayeahidi huku na huku? Soma habari za Tissaphernes.

Zamani Uajemi, nchi iitwayo leo Irani, ilikuwa dola kubwa. Kila jimbo lilikuwa na liwali. Liwali alikusanya kodi, alikata kesi na aliongoza askari.

Tissaphernes alikuwa liwali wa Sardis, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo. Wakati huo miji miwili ya Wagiriki, Athens na Sparta, ilipigana. Mwaka 412 kabla ya Kristo, Tissaphernes aliahidi kuwalipa mabaharia wa Sparta. Lakini aliwalipa kidogo kidogo. Alitaka pande zote mbili zichoke.

Mwaka 401, Cyrus, ndugu wa mfalme, aliasi. Tissaphernes alimwonya mfalme mapema. Cyrus akauawa vitani. Askari wake wengi walikuwa Wagiriki wa kukodiwa. Tissaphernes aliwaapia amani, akawaita makamanda wao hemani kwake. Walipofika akawakamata, nao wakauawa. Mfalme alifurahi, akampa majimbo ya Cyrus.

Mwaka 395 Wasparta walishinda jeshi la Uajemi karibu na Sardis. Mfalme alimlaumu Tissaphernes. Mama yake mfalme naye alimchukia, kwani Cyrus alikuwa mwanawe. Basi mfalme akaamuru liwali akatwe kichwa.

Ahadi ni deni. Anayewadanganya wote hujikuta peke yake siku ya shida.

Maswali
1. Liwali alifanya kazi gani?
2. Kwa nini Tissaphernes aliwalipa mabaharia kidogo kidogo?
3. Kijijini kwenu, asiyetimiza ahadi huonwaje?