Mabango Yasiyo na Kibali Kando ya Barabara: Tuyaondoe Pamoja, Mchana na kwa Utaratibu

Msafiri atokaye Uvira huvuka mpaka pale Gatumba na kuifuata barabara ya taifa namba 4 hadi Bujumbura. Atokaye Kigoma huingilia Mugina, kisha huambaa na Ziwa Tanganyika kupitia Nyanza-Lac na Rumonge. Kadiri jiji linavyokaribia, ndivyo vibao vya matangazo vinavyozidi: vya waganga, vya nyumba za kupangisha, vya masomo ya ziada, vya mikutano ya sala. Baadhi vimesimamishwa kwa kibali. Vingine vimepigiliwa misumari usiku kwenye mti au nguzo ya umeme. Mkazi anayekerwa navyo hujiuliza: je, ninaweza kuking'oa mwenyewe?

Tuanze na madhara, kwani hayaishii kwenye kuchafua sura ya mtaa. Tanzania magari hupita kushoto. Burundi na Kongo hupita kulia. Dereva aliyebadili upande mpakani huzitegemea mno alama za barabarani, hasa penye njia panda. Kibao kikizificha, maisha ya mpita njia yamo hatarini. Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri barabarani unataka mataifa yaliyouridhia yakataze tangazo lolote linaloweza kudhaniwa kuwa alama ya barabarani, kuificha, au kumpumbaza dereva.

Dhara la pili ni maji. Mvua za milimani huteremka kuelekea ziwani kupitia jiji letu. Nguzo ya bango ikichimbiwa ndani ya mtaro hunasa takataka, na maji hutafuta njia yake majumbani. Gatumba iliyofurika mwaka 2020, Mto Rusizi ulipovunja kingo, haihitaji kuelezwa nguvu ya maji. La tatu ni misumari, ambayo huweza kumjeruhi fundi wa REGIDESO apandapo nguzo.

Aidha, kando ya barabara ni mali ya umma. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, wametenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu kuwa hifadhi yake. Anayejijengea bango mahali pa umma bila ruhusa amejitwalia kilicho cha wote.

Hata hivyo, kosa la mmoja halimpi mwingine ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi. Bango huwa ni riziki ya mtu. Likivunjwa usiku, mwenyewe humshuku jirani au mshindani wake, na ugomvi wa kibao huwa ugomvi wa mtaa. Jiji la São Paulo, nchini Brazil, liliondoa maelfu ya mabango, lakini sheria ya mwaka 2006 ilitangulia, ndipo kazi ikafuata.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, mwarifuni nyumbakumi na mkuu wa mtaa, ili aulize kwenye tarafa kama kibali kipo. Pili, pigeni picha, andikeni mahali na tarehe, kisha mpigieni mwenye tangazo. Mara nyingi namba yake imeandikwa papo hapo kwenye kibao. Apewe muda wa kukiondoa mwenyewe. Tatu, asiposikia, kazi ifanywe asubuhi ya Jumamosi wakati wa kazi za pamoja, zile ambazo ndugu zetu wa ng'ambo ya Rusizi huziita salongo, mbele ya kiongozi wa mtaa. Ikiwa ni kwenye barabara kuu, tuiteni tusimamie magari. Nne, mtu asipande nguzo ya umeme. Hiyo waachiwe mafundi. Tano, vilivyoondolewa vihifadhiwe kwa mkuu wa mtaa. Chuma na mbao zina mwenyewe, wala si vya kuuzwa.

Visiguswe kibao kilicho kwenye ukuta wa duka la mtu, matangazo ya serikali, wala mabango ya vyama na ya uchaguzi. Penye shaka, tuulizeni kwanza. Tena, kipimo kiwe kimoja kwa wote. Kibao cha mgeni aliyevuka mpaka kutafuta riziki kisiondolewe huku cha mzaliwa wa mtaa kikiachwa palepale. Likitokea hilo, tutakuwa tumesafisha barabara na kuchafua ujirani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Polisi peke yetu hatuwezi kukagua kila mti na kila mtaro, nanyi peke yenu hampaswi kubeba lawama ya kuondoa cha mtu. Mnapokiona kibao kinachoficha alama au kuziba maji, tuambieni. Tutakuja mchana, nanyi mkiwapo.