Shirikisho kwa bei ya chapati mbili

Bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa karibu dola milioni 113. Igawe kwa watu zaidi ya milioni 300 wa nchi wanachama nane, na kila mmoja wetu anaangukiwa na senti 38 za Marekani, au pungufu. Kwa fedha ya Tanzania haifiki shilingi 1,000: chapati mbili, chai ujitafutie mwenyewe. Kwa bei hiyo tunaendesha sekretarieti, bunge na mahakama pale Arusha, na tunaambiwa kuwa mwisho wa safari ni shirikisho la kisiasa.

Umoja wa Ulaya, ambao wala haujiiti shirikisho, ulikuwa na bajeti ya karibu euro bilioni 189 mwaka 2024 kwa watu wasiofika milioni 450. Ni kama euro 420 kwa kichwa, zaidi ya mara elfu moja ya zetu. Sehemu kubwa ya fedha zile hurudi kwa wakulima na kwa mikoa iliyo nyuma kimaendeleo, kwa hiyo mtu wa kijijini ana kitu cha kuonesha akiulizwa umoja umemletea nini. Za kwetu ni za kuendesha ofisi na miradi michache, na bado sehemu yake hutoka kwa wafadhili.

Hata hizo chapati mbili tunazilipa kwa kusukumana. Mkataba wa mwaka 1999 ulisema nchi zichangie sawa kwa sawa, na mchango huo umekuwa kiasi cha dola milioni 7 kwa kila nchi. Kwa Rwanda, yenye watu milioni 13.2 kwa sensa ya 2022, hiyo ni senti 53 kwa kila mtu. Kwa Tanzania, yenye milioni 61.7, ni senti 11. Kwa Kongo haifiki hata senti 7. Wakuu wa nchi wamekwisha kukubaliana juu ya fomula nyingine: asilimia 65 ichangwe sawa, 35 ifuate wastani wa pato la kila nchi kwa mtu. Lakini fomula haimlazimishi mdaiwa kulipa. Mwanzoni mwa 2025 Bunge la Afrika Mashariki lilisimamisha shughuli zake kwa sababu kasha lilikuwa tupu.

Fedha, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi ya hesabu hii. Muungano wowote wa majirani hulipiwa kwa sarafu nyingine, ambayo ni sauti ya mkubwa. Tazama viti. Kila nchi huchagua wabunge 9 wa Afrika Mashariki, iwe ndogo au kubwa. Mbunge mmoja wa Rwanda anasimama kwa watu milioni 1.47; wa Tanzania kwa milioni 6.86, wa Kongo, nchi yenye zaidi ya watu milioni 100, kwa zaidi ya milioni 11. Wapo wanaoona huu ni uonevu. Mimi naona ni kiingilio tu: bila hicho mdogo haingii mlangoni.

Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kuthibitisha hilo. Zanzibar ina watu milioni 1.89, yaani asilimia 3 ya Watanzania wote. Katika uchaguzi wa 2020 majimbo ya ubunge wa Muungano yalikuwa 264, na 50 kati ya hayo yalikuwa Zanzibar: asilimia 19. Huo ni muungano wa nchi mbili ambao umedumu tangu tarehe 26 Aprili 1964. Ulianza na mambo ya Muungano 11, sasa ni 22, na kila moja lililoongezwa limeacha mjadala ambao haujazimika, juu ya nani aliombwa ridhaa na nani hakuombwa. Kama mambo 22 kati ya pande mbili yamekula miaka sitini ya maneno, fikiria pande nane.

Na hapa ndipo penye uzito, kwenye utungaji wa sheria. Muswada ukishapita Arusha hupelekwa kwa wakuu wa nchi wote kutiwa saini. Ukirudishwa, wabunge huutazama upya. Ukipelekwa mara ya pili na mkuu mmoja tu akakataa, muswada umekufa. Maamuzi ya mkutano wao wenyewe nayo hupitishwa kwa kauli moja.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme kila rais ana uwezekano wa asilimia 90 kukubali muswada fulani. Ni rais mwema sana huyo. Jumuiya ilipoanza kazi mwaka 2000 ikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania, uwezekano wa kupata saini zote tatu ungekuwa asilimia 73. Wakaja Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Kwa saini nane uwezekano unashuka hadi asilimia 43. Tumeshangilia kila bendera iliyopandishwa, nami nilishangilia, ila kila bendera imekuja na kalamu yake. Ulaya waliliona tatizo hili. Kwa mambo mengi leo inatosha nchi 15 kati ya 27 zikubali, mradi nchi hizo zibebe asilimia 65 ya watu wote, na aliyeshindwa hutii.

Muulize dereva yeyote wa lori atakwambia sheria ya pamoja ina sura gani. Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2013: tani 56 kwa gari na mzigo wake, ekseli zisizidi saba, kwenye barabara kuu za Jumuiya. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Miaka sita kwa jambo ambalo mizani inalimaliza kwa dakika chache! Kwenye forodha tumefanya vizuri zaidi. Sheria ni moja tangu 2005, na viwango vya ushuru kwa bidhaa za nje ni vinne: 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Hata hivyo kila Juni bajeti zinaposomwa utasikia nchi zimepewa ruhusa ya kutoza viwango vyao kwa bidhaa hii na ile. Sheria moja, milango ya uani mingi.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti yoyote, ya kuvunjika. Jumuiya ya kwanza ilianza Desemba 1967 ikiwa na reli, bandari, posta na shirika moja la ndege, ikafa 1977. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Mei 1984, baada ya upatanishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Kuishi pamoja miaka kumi, kugawana vyombo miaka saba. Wastaafu wake wa Tanzania bado walikuwa wanadai mafao mwaka 2005, wengine wakiwa wamekwisha kufariki na madai yao.

Labda ndiyo maana tarehe zetu hazikai. Kamati ya kuharakisha shirikisho, chini ya Amos Wako, mwanasheria mkuu wa Kenya wakati huo, ilipendekeza mwaka 2004 kwamba kufikia 2013 tuwe tumemchagua rais wa shirikisho. Sarafu moja iliwekewa mwaka 2024, sasa inasemwa 2031, na masharti yake, kama vile mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8 na nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, yanazishinda nchi kadhaa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walishusha mwendo: kwanza muungano legelege ambamo kila nchi inabaki na dola yake, shirikisho lije baadaye. Jaji mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, akapewa kuongoza wataalamu wa kuandika rasimu ya katiba, na timu hiyo imekuwa ikizunguka kukusanya maoni.

Bendera na wimbo Jumuiya inavyo tayari. Nikiishika rasimu hiyo nitafungua kwanza pale panaposema muswada unakuwa sheria kwa saini ngapi.