Hamira Inapokosa Chakula: Ukuta wa Seli na Vitenzi Vyake



Katika somo la tafsiri, wanafunzi hukutana mapema na istilahi "ukuta wa seli". Istilahi hiyo ni sahihi na imezoeleka. Hata hivyo, neno ukuta humletea mtu picha ya matofali na saruji, yaani kitu kilichojengwa mara moja kikabaki vilevile hadi kibomoke. Anayetafsiri matini ya biolojia akiwa na picha hiyo atakosea vitenzi. Makala haya yanaeleza, kwa mfano wa hamira, jinsi ukuta huo unavyobadilika kulingana na chakula.

Ukuta wenyewe

Hamira ni kuvu ya seli moja. Ndiyo inayoumua mkate, na huwa miongoni mwa vijidudu vinavyochachusha pombe ya ndizi, kama vile tonto ya hapa Uganda na urwagwa ya Rwanda. Sehemu ya ndani ya ukuta wake ni glukani, yaani minyororo ya sukari iliyoshikana kama wavu, nayo ndiyo inayoupa nguvu. Nje kuna protini zilizovikwa sukari ya manosi. Vilevile kuna kitini, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu, ambacho kimo pia katika gamba la kaa na la panzi. Ukuta wote huchukua kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito mkavu wa seli. Hiyo ni gharama kubwa, na seli haiitumii ovyo.

Sukari inapoisha

Maji ya ndizi yakiwa na sukari tele, hamira hukua upesi na kutoa vichipukizi, na ukuta hulegea pale kichipukizi kinapotokea. Sukari ikiisha, nayo hewa ya oksijeni ikiwapo, hamira huanza kuitumia pombe iliyoitengeneza yenyewe kama chakula, lakini hukua polepole. Pombe nayo ikiisha, huacha kukua. Hapo ukuta hunenepa, protini za nje hufungamana zaidi, na vimeng'enya ambavyo maabara hutumia kuyeyusha ukuta hushindwa kuupenya kwa urahisi.

Nitrojeni inapopungua, baadhi ya aina za hamira hurefuka, hushikana kwa protini za ukutani, na kutengeneza minyororo inayotambaa na kupenya mahali zilipoota. Zikikosa nitrojeni na sukari kwa pamoja, zikabakiwa na chakula duni kama asetati, huweza kutengeneza spora nne ndani ya mfuko mmoja. Kila spora huvikwa ukuta wa tabaka nne.

Wembamba si udhaifu

Jamaa wa hamira aitwaye Candida albicans huishi katika mwili wa binadamu. Husababisha utando mweupe kinywani na, kwa mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika, huweza kuingia katika damu na kuua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskochi, walichapisha matokeo ya kuikuza kuvu hiyo kwa lakteti badala ya glukosi. Ukuta wake ulikuwa mwembamba zaidi, lakini seli zilistahimili zaidi chumvi nyingi na baadhi ya dawa. Hivyo basi, dawa ikijaribiwa kwa kuvu iliyolishwa sukari tu, matokeo yanaweza yasilingane na yale ya mwilini, ambako chakula cha kuvu hutofautiana kutoka mahali hadi mahali.

Funzo kwa mtafsiri

Ukuta wa seli hufumwa, hulegezwa, hukazwa na hunenepeshwa. Kitenzi "kujenga" pekee hakitoshi. Aidha, msomaji atakuwa ameona kwamba hadi hapa sikutumia neno njaa. Njaa huhisiwa na mwenye tumbo, na pia ni janga la jamii. Hamira hukosa virutubishi, na kila kirutubishi kinachokosekana huleta badiliko lake. Mtafsiri akiandika "njaa" kila mahali, tofauti hiyo hupotea, na mwanafunzi wa udaktari atakayesoma matini yake hataweza kujua ni chakula gani kilichopungua.

Zoezi: Chagua aya moja kuhusu seli katika kitabu cha biolojia cha sekondari. Pigia mstari vitenzi vyote, kisha uitafsiri bila kutumia "kujenga" wala "njaa". Linganisha kazi yako na ya mwenzako.