Kitabu Kilichofichwa na Sefu

Haya, wajukuu zangu, leo hadithi yetu inavuka bahari, na ni ya kweli tupu. Kusini mwa Uingereza kuna mji uitwao Winchester, na katika mji huo kuna shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1382. Mwanzilishi wake alikuwa askofu, William wa Wykeham, aliyetaka vijana 70 wasio na uwezo wapate elimu. Mwaka 1394 wanafunzi walihamia katika majengo mapya, na hadi leo shule hiyo inasomesha.

Shule ikiishi karne nyingi namna hiyo hujaa makaratasi: hati za mashamba, daftari za hesabu, vitabu vya walimu waliokwisha kufa. Winchester walivihifadhi vizuri. Lakini kuhifadhi ni nusu tu ya kazi, nanyi mtaona kwa nini.

Mwaka 1934 mwalimu kijana, Walter Oakeshott, alikuwa akichunguza majalada ya vitabu vya kale vya shule. Aliruhusiwa kufungua sefu iliyokuwa katika chumba cha kulala cha msimamizi mkuu wa shule. Humo akakuta kitabu kinene kilichoandikwa kwa mkono, kurasa za mwanzo hazipo, za mwisho nazo hazipo. Jalada lake halikumvutia. Alisoma kidogo, akaona ni visa vya Arthur, mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, na mashujaa wake, majina yao yameandikwa kwa wino mwekundu. Akakirudisha mahali pake.

Wiki chache baadaye, akiandaa maonyesho ya vitabu vya kale, akaanza kushuku kwamba visa vya kile kitabu cha sefuni ni vya mwandishi Thomas Malory. Akanunua kitabu kilichochapwa cha Malory, akafungua sefu tena, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Visa vilikuwa vilevile!

Malory alikuwa mpiganaji aliyetupwa gerezani, na alimaliza kuandika visa hivyo kati ya 1469 na 1470. Mwaka 1485 vikachapwa na William Caxton, mtu wa kwanza kuendesha mtambo wa uchapaji Uingereza, naye akavigawa upya katika sura kwa mpango wake mwenyewe. Kwa karibu miaka 450, kila aliyemsoma Malory alimsoma kupitia Caxton, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nakala ya mkono ipo. Na kumbe ilikuwapo! Haikuibwa, haikuungua, haikuliwa na wadudu. Ilikosa msomaji tu.

Mwaka 1947 msomi Eugène Vinaver alitoa toleo jipya lililotokana na nakala hiyo. Kisha, katika miaka ya 1970, mtafiti Lotte Hellinga aliona juu ya kurasa zake alama hafifu za wino wa uchapaji, zenye umbo la herufi za Caxton. Maana yake kitabu hicho kiliwahi kulazwa katika karakana ya Caxton, karibu na karatasi ambazo wino wake haujakauka. Mimi hapo ndipo ninapostaajabu zaidi: doa ambalo mtu mwingine angelifuta kwa kitambaa ndilo lililotoa ushahidi.

Mwaka 1976 shule ilikiuza kitabu hicho kwa maktaba ya British Library, London, kwa pauni 150,000. Wapo wanaohuzunika hazina ikiondoka nyumbani kwake. Mimi naona walifanya vyema, maana sasa watafiti wanakifikia, na picha za kurasa zake zimesambaa duniani.

Nanyi shuleni kwenu mna kabati la zamani, mna daftari la kwanza la uandikishaji, mna picha za wanafunzi ambao leo ni mababu. Siku ya usafi ikifika, kabla karatasi kuukuu hazijapelekwa jalalani kuchomwa, mwombeni mwalimu kwa adabu mzisome kwanza.