Simu ya biro ikionyesha kosa, soma namba mbele ya kuizima



Mimi ni mtu wa agronomia, si wa informatiki. Lakini mu biro yetu hapa Bukavu mimi njo nakaa karibu na sentrali, kile kisanduku kinachogawanya simu zote. Kikipiga kelele, wote wananiangalia mimi. Mwaka jana kiliwasha taa nyekundu na kuandika 408. Nikafanya kile tunafanyaka wote: kuzima, kuwasha. 408 tena. Kwa kuwa sisi kwa sisi mu biro tulikuwa tunaitana vizuri, nikasema haina neno. Siku tatu zikapita.

Siku ya nne, mama mmoja mkulima akashuka toka Kabare na miguu. Siku zote hizo alikuwa anatupigia. Migomba yake ilianza kunyauka, na kwa kukosa mtu wa kuuliza, alikata majani mu shamba lote na panga moja. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Panga ambayo haikupitishwa mu moto njo inabeba ule ugonjwa toka mgomba mmoja mpaka mwingine. Alisema tu: «Niliwapigia.» Sikuwa na jibu.

Fundi alipofika hakuzima kitu. Alisoma ile namba, akafuata kamba ya sentrali nyuma ya meza, akakuta imechomoka kidogo. Kazi ya dakika tano.

Alinifasiria hivi. Simu nyingi za biro zinazopita ku intaneti zinasemeshana kwa lugha inaitwa SIP. Kanuni zake za msingi zilichapishwa mwaka wa 2002. Kila jibu lina namba ya tarakimu tatu, na ile ya kwanza inakuambia uanze kutafuta wapi.

1 ni kazi inaendelea: 180, simu inalia kwa mwenzako. 2 ni sawa. 3 ni kwamba unatumwa pengine. 4 ni ombi halikukubaliwa au halikutimia: anza kwa kuchunguza upande wako na ile namba unaita. 5 ni seva yenyewe imeshindwa. 6 ni kwamba yule mtu hapatikani popote au amekataa.

Zile tunakutanaka nazo sana: 404, namba haijulikani, pengine umekosea kuandika. 486, mtu ana simu ingine, na hiyo si ugonjwa. 480, kwa sasa hapatikani, labda simu yake imezimwa. 408, tumeuliza na hakuna aliyejibu kwa wakati: angalia kamba na rezo. 401, unaombwa neno la siri. Ikitokea mara moja kisha 200 ikafuata, ni kawaida. Ikirudia-rudia, neno la siri ni baya. 403, umeeleweka lakini umekataliwa. 503, seva imelemewa au iko mu matengenezo. Hapo usifungue chochote kwako, ita ule anayekuuzia huduma.

Kwetu sisi wa agronomia si jambo geni. Jani la njano peke yake halisemi kitu. Njano ikianzia ku majani ya zamani, unafikiria azoti. Ikianzia ku machanga, unafikiria chuma. Mahali alama inaanzia njo panakuongoza. Anayemwaga mbolea mbele ya kuangalia ni sawa na mimi niliyekuwa nazima na kuwasha.

Hata mlio ni ujumbe. Onduleri nyingi zikilia pole pole zinasema umeme umekatika na betri njo inabeba kazi. Zikilia haraka haraka, betri iko karibu kuisha. Kunyamazisha mlio hakurudishi umeme.

Sasa kando ya sentrali tumebandika karatasi. Mbele ya kugusa kitu unaandika saa, namba iliyoonekana, na nani hapati simu: wa ndani, wa inje, ao wote. Na kila asubuhi mmoja wetu anapigia biro na simu yake ya mkononi, kusudi tujue kama mtu wa inje anatupata.

Wenye kuwa na biro, fanyeni hiyo kesho. Kuna mtu shambani anangojea mumuitike.