Mgeni Aliyehesabu Mashine

Wiki nzima kabla ya mgeni kufika, hospitali yetu ilinuka rangi mbichi. Mapazia ya wodi ya watoto yalifuliwa, majani ya uwanjani yakafyekwa, na mashuka mapya yaliyokuwa yamefungiwa stoo yakatandikwa. Tulikuwa tunamsubiri Gavana wa Rotary.

Akina mama wenzangu, ninyi mnajua pilikapilika za ugeni. Wakwe wakija, nyumba hupigwa deki hadi uvunguni, na kikombe kilichovunjika mkono hufichwa nyuma ya kabati. Basi na sisi wauguzi tulikuwa na kikombe chetu. Klabu ya Rotary ya mji wetu ilikuwa imetupa mashine tatu za oksijeni, zile zinazotumia umeme kuchuja hewa ya kawaida na kutoa oksijeni, kwa ajili ya watoto wenye nimonia. Moja ilikuwa imekufa. Asubuhi ya ugeni tuliambiwa tuipeleke stoo. Niliisukuma kwa mikono yangu mwenyewe.

Gavana huyu ni nani?

Usidhani ni gavana wa serikali. Rotary ni umoja wa klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii. Klabu ya kwanza ilianzia Chicago, Marekani, Februari 23, 1905, pale mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Klabu za eneo moja huunda wilaya, na wilaya ya Rotary ni kubwa kuliko hizi zetu tunazozijua. Hadi mwaka 2013 Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Eritrea zilikuwa katika wilaya moja! Mkuu wa wilaya ndiye anayeitwa gavana. Hutumikia mwaka mmoja, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, bila mshahara, na moja ya kazi zake kubwa ni kuzitembelea klabu zake.

Akifika hukaa kwanza na rais wa klabu, katibu na kamati zao. Huuliza habari za wanachama, fedha, miradi, na michango ya kupiga vita polio, kazi ambayo Rotary imeifanya tangu 1985. Kisha huenda kuiona miradi kwa macho yake. Kuna sababu. Miradi mingi husaidiwa na ruzuku kutoka mfuko wao mkuu, na klabu isiyotoa ripoti ya fedha ilizopewa huweza kunyimwa nyingine.

Kwa miaka mingi mwanamke hakuweza kuwa gavana, wala hata mwanachama. Mwaka 1924 huko Manchester, Uingereza, Margarette Golding, mwanamke aliyesomea uuguzi kama mimi, aliwakusanya wake wa wanachama wakaanzisha klabu yao wenyewe, Inner Wheel. Mlango wa Rotary ulianza kufunguka Mei 4, 1987, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1989 wanawake wakaruhusiwa duniani kote, na Julai 1995 wanawake wanane wakawa wa kwanza kushika ugavana. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa rais wa kwanza mwanamke wa Rotary yote.

"Ya tatu iko wapi?"

Sasa turudi wodini. Gavana aliingia saa tano asubuhi, akifuatana na viongozi wa klabu. Aliwasalimia akina mama waliokuwa wamepakata watoto wao, akauliza kila mmoja anatoka wapi. Kisha akafungua jalada lake.

"Sista, taarifa ya klabu inasema mashine tatu. Mimi naona mbili. Ya tatu iko wapi?"

Kimya. Metroni aliniangalia, nami nikaangalia sakafu. Nilikumbuka usiku wa juzi yake, watoto watatu walipohitaji oksijeni kwa wakati mmoja, tukawa tunawapokezana mashine mbili. Mama mmoja alisimama mbele yangu akaniuliza taratibu, "Sista, zamu ya mwanangu inafika lini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nashukuru kwamba watoto wote watatu walipona, lakini sauti ya mama yule haikunitoka.

Nikasema, "Iko stoo, Mheshimiwa. Imekufa tangu mwezi uliopita. Tumeificha."

Nilitegemea kukemewa. Gavana akasema tu, "Twende tukaione." Kule stoo aliinama, akachomoa chujio la nyuma. Vumbi lilikuwa limeganda kama pamba ya godoro. Akauliza nani alifundishwa kulisafisha. Hakuna. Mashine zilikuja na kitabu cha Kiingereza, kikawekwa kabatini. Chujio lile lilitakiwa kuoshwa kila wiki. Sisi hatukuliosha hata mara moja. Hospitali haikutoa taarifa kwamba mashine imekufa, kwa kuogopa kuonekana haina shukrani. Klabu nayo ilikuwa imekabidhi, ikapiga picha, haikurudi tena kuuliza.

Wakati wa chai Gavana alimwambia rais wa klabu mbele yetu sote, "Mmetoa mashine, hamkutoa fundi."

Haikupita mwezi fundi akaja. Mashine ikafufuka. Wauguzi wote wa wodi tulifundishwa kuosha machujio, na daftari likatundikwa ukutani, ambalo tunalitia saini kila Jumatatu. Mwanachama mmoja wa klabu alipewa kazi ya kupita kila mwezi, bila kutupa taarifa kwanza.

Na sisi katika vikundi vyetu?

Mama mpendwa, huenda hujawahi kukanyaga katika klabu ya Rotary. Lakini uko kwenye VICOBA, au chama cha kufa na kuzikana, au umoja wa akina mama kanisani. Viongozi wa juu huwatembelea. Mara ngapi mmechanga fedha za pilau na sare za vitenge, kiongozi akala, akacheza, akaondoka bila kujua kwamba mashine ya kusaga imeharibika na kwamba wanachama sita hawajarejesha mikopo? Nimejifunza mambo manne:

1. Daftari litangulie, chakula kifuate. Mgeni aliyeshiba husinzia.

2. Onyesheni kilichoharibika. Kilicho kizima hakihitaji safari yake.

3. Wewe ukiwa ndiye kiongozi unayetembelea, usitosheke na kusikia kwamba kifaa kipo. Uliza nani anakitunza, nani alimfundisha, na kikiharibika anamwambia nani. Anayekubali kosa usimwaibishe, maana ukimwaibisha leo, kesho wote wataficha.

4. Ahadi za mgeni ziandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jina la mfuatiliaji na tarehe.

Baadaye niliambiwa kwamba wanachama wa Rotary wana maswali manne ya kupimia maneno na matendo yao, yaliyotungwa mwaka 1932 na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Marekani. La kwanza huuliza kama jambo ni la kweli. Asubuhi ile mimi sikuwa nalijua swali hilo, na karibu nilishindwe.

Gavana aliyefuata alipokuja, hatukupaka rangi. Mashine zote tatu zilikuwa wodini, mbili zikifanya kazi, ya tatu ikisubiri mtoto atakayeihitaji usiku. Mgeni alisoma daftari la ukutani kabla hajatusalimia.

Je, mama, kikundi chako kimeficha nini stoo?